Shingo ya Pikipiki Katika Utelezi wa Maramba

Maramba imekaa mahali ambapo nchi tambarare ya pwani ya Tanga huanza kuinuka na kuwa Usambara ya Mashariki. Barabara itokayo Mabokweni hupita hapo kwenda Bombo Mtoni, Umba na Mkomazi, hata Same. Walakini riziki ya watu wengi haimo katika barabara hiyo. Imo katika vijia vya pembeni vipandavyo mashambani, kwenye iliki, pilipili manga, karafuu na migomba. Wakati wa kiangazi vijia hivyo ni vumbi jekundu, na lawama yake ni chafya tu. Masika yanapofika, kuanzia Machi hata Mei, na tena vuli baina ya Oktoba na Desemba, vumbi lile hugeuka udongo wa mfinyanzi uliopakwa mafuta. Mtembea kwa miguu huvua viatu akaishika ardhi kwa vidole. Pikipiki haina vidole.

Katika vijia hivyo alifanya kazi kijana mmoja ambaye habari yake ndiyo inayosimuliwa hapa. Alikuwa dereva wa bodaboda. Jina hilo lilizaliwa katika miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka mmoja hata wa pili. Baadaye baiskeli zilitoa nafasi kwa pikipiki, na jina likasafiri mpaka vilima ambavyo havijui mpaka wo wote. Pikipiki ya kijana haikuwa yake bado. Aliishika kwa mkataba: kila jioni alipeleka hesabu kwa mwenye mali, na baada ya miezi kumi na minane isiyo na upungufu, chombo kingekuwa chake. Alikuwa amekwisha kulipa miezi kumi na minne. Mtu aliye katika hali hiyo huhesabu mvua kama mkulima, ila kwa nia iliyo kinyume.

Mwenye mali alikuwa mtu wa biashara, naye hakuwa mbaya. Aliona kwamba pikipiki nyingine zilibeba gunia moja, akataka ya kwake ibebe mawili. Akaagiza keria ndefu ya chuma ichomelewe nyuma, ikatokeza hatua nzima ng’ambo ya taa. Kisha, kwa kuwa mzigo uliikalisha pikipiki kitako hata madigadi ikasugua tairi, akanunua shokapu mbili za nyuma ndefu kuliko zile za kiwandani, zikainua mgongo wa pikipiki kwa vidole vitatu, yaani kama sentimita 5. Ilisimama kama jogoo aliyeona jogoo mwingine. Watu kijiweni waliisifu sana. Kijana naye aliisifu, ijapokuwa aliona siku ile ile kwamba usukani umekuwa mwepesi mno mkononi, mithili ya mlango uliolegea bawaba.

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, alimpandia bibi mmoja mkulima wa iliki aliyetaka kuteremka gulioni. Hakubeba gunia hata moja. Bibi alipakata kikapu chake mwenyewe. Waliteremka polepole. Katika mteremko wa pili palikuwa na mfuo uliochimbwa na maji katikati ya njia. Kijana aligusa breki ya mbele, wala hakuibana. Gurudumu likaingia mfuoni, likazama kidogo, kisha usukani ukajizungusha wenyewe upande wa kushoto kana kwamba umevutwa na mkono wa mtu. Iliki ilimwagika njiani. Kijana alichubuka goti. Bibi aliangukia kiganja, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika.

Kijiweni hukumu ilitolewa kabla ya adhuhuri. Wengine walisema kijana alikwenda mbio. Bibi mwenyewe alikanusha, akasema hata punda wangewapita. Wengine walisema tairi limekwisha meno, lakini tairi lilikuwa jipya. Waliobaki walisema pikipiki ina shetani, kwa sababu hii ilikuwa mara ya tatu kuangusha mtu tangu Januari, na mara zote tatu haikuwa na mzigo. Shetani ni jibu la uvivu. Lakini katika maneno yao mlikuwa na kweli moja ambayo wasemaji hawakuiona. Pikipiki ilianguka ikiwa tupu. Ikiwa na magunia mawili haikuanguka hivyo. Ilikataa tu kukata kona, ikaenda nje ya njia kama ng’ombe aliyekataa kamba. Chombo kimoja kilikuwa na tabia mbili.

Fundi aliyeifungua siri hiyo alikuwa mzee wa makamo, aliyejifunza kazi katika baiskeli kabla ya pikipiki kuenea. Kijana alimkuta akifunga mnyororo, akamwamkia, akamweleza mambo yote, na mwisho akauliza kama beringi za shingo zimekufa.

“Beringi ni nzima, mwanangu,” fundi akasema baada ya kuutikisa usukani. “Mmeivunja shingo bila kuigusa.”

Aliiegemeza pikipiki juu ya kigogo isimame wima, akaweka kando yake nyingine ya aina ile ile isiyobadilishwa. Akanyosha uzi kufuata mshazari wa shingo, pale mhimili wa usukani upitapo katika fremu, akauleta hata chini na kutia alama ya chaki mahali ulipogusa sakafu. Halafu akateremsha timazi kutoka katika kitovu cha gurudumu la mbele, akatia alama ya pili. Katika ile pikipiki nzima alama ya uzi ilikuwa mbele ya alama ya timazi kwa vidole vitano. Katika pikipiki ya kijana ilikuwa mbele kwa vidole vinne na kitu kidogo.

“Hicho kidole kilichopotea,” akasema, “ndicho kilichomwangusha bibi.”

Fundi aliiita nafasi hiyo mkia, na neno lake linafaa. Atakaye kuielewa na atazame mkokoteni. Ukiuvuta, magurudumu hufuata nyuma ya mkono wako, na hata yakigonga jiwe hurudi katika mstari. Ukiusukuma, hutaka kugeuka kila ukutanapo na jambo. Gurudumu la mbele la pikipiki huvutwa. Mhimili wa usukani umelazwa nyuma, aghalabu baina ya digrii 24 na 28 kutoka wima, na mstari wake hufika ardhini mbele ya mahali ambapo tairi hugusa. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma ya mhimili wake kama usukani wa jahazi unavyoning’inia nyuma ya bawaba zake na kunyoshwa na maji. Mkia ukiwa mrefu, pikipiki hushika njia na usukani huwa mzito. Ukiwa mfupi, usukani huwa mwepesi na kigeugeu. Katika pikipiki ndogo za kazi kama zile za Maramba, ambazo magurudumu yake mawili yameachana kwa mita moja na robo hivi, mkia huwa karibu sentimita 8 hata 11. Ni urefu wa kiganja tu kwa chombo kibebacho watu wawili.

Sasa, aliyeinua nyuma kwa sentimita 5 ameiinamisha fremu nzima mbele kwa zaidi ya digrii 2. Shingo imesimama wima zaidi, na mkia umepungua kwa sentimita moja na ziada. Hakuna chuma kilichokatwa wala kupindwa mbele, na kwa hiyo mwenye mali angeweza kuapa, tena kwa haki, kwamba sehemu ya mbele haikuguswa. Dereva akishika breki, shokapu za mbele hunywea, pua ya pikipiki huzama, na sentimita nyingine huondoka. Katika mteremko uzito wote humwagikia mbele pia. Bibi wa iliki alipanda pikipiki iliyokuwa imebakiwa na vidole vitatu na nusu vya mkia wakati gurudumu lilipoingia mfuoni.

Juu ya lami pengine wasingeanguka. Matope huongeza hila yake. Katika ardhi ngumu tairi hugusa mahali padogo, palipo chini kabisa. Katika udongo laini gurudumu huzama, na likizama vidole vitatu tu, ubavu wake wa mbele hukutana na udongo kiasi cha sentimita 16 mbele ya sehemu yake ya chini. Upinzani wa ardhi hausukumi tena kutoka nyuma ya mhimili. Husukuma kutoka mbele yake. Mkia uliokuwa ukiifuata pikipiki umekuwa pembe inayoitangulia, na mkokoteni uliokuwa ukivutwa sasa unasukumwa. Ndiyo maana madereva wazoefu wa mchanga na matope hukaa nyuma na kutia moto kidogo badala ya breki, ili gurudumu la mbele lielee lisichimbe. Watoto wa Maramba hulijua jambo hili katika mapaja yao bila kulisoma po pote.

Wenye elimu nao wameshindana na suala hili muda mrefu. Mwaka 1899 Whipple, mwanafunzi wa Cambridge, aliandika hesabu za mwendo wa baiskeli. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alichapisha habari ya baiskeli alizojitengenezea kwa makusudi ya kupata moja isiyopandika. Aliondoa nguvu ya mzunguko wa gurudumu kwa kufunga gurudumu la pili lizungukalo kinyume, baiskeli ikapandika. Akageuza miguu ya mbele hata mkia ukawa mrefu. Baiskeli ikisukumwa tupu ilikwenda peke yake mbali kabla ya kuanguka. Alipolisogeza gurudumu mbele kwa inchi 4, hata mkia ukapotea kabisa, alipata karibu kile alichokitafuta, maana baiskeli ile ilimsumbua mno. Hata hivyo haifai kuuabudu mkia. Mwaka 2011 wataalamu wa vyuo vya Delft na Cornell walionyesha chombo cha magurudumu mawili kisicho na mkia, ambacho hata hivyo kilijisimamia chenyewe kikienda, kwa sababu uzito wake ulikuwa umegawanywa kwa hekima. Neno hilo la mgawanyo wa uzito ndilo lililokuwa nusu ya pili ya tatizo la Maramba.

Kabla ya kulifikia, kulitokea jambo la kuchekesha. Kijana mmoja kijiweni alileta simu yake, akawaonyesha watu picha za pikipiki zikienda juu ya theluji huko Marekani. Pwani hii si mgeni wa habari za theluji. Mmisionari Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, mwongozi wake aliuita weupe ule kwa jina la baridi tu, na mabwana wa elimu wa Ulaya walikataa kwa miaka kadhaa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Katika picha zile gurudumu la mbele lilikuwa limeondolewa, na mahali pake palikuwa na ubao mpana uliopinda ncha. Gurudumu la nyuma nalo halikuwapo. Palikuwa na mkanda wa mpira wenye meno, mzingo wake mita 3 na zaidi, kama wa trekta la vita. Vifaa hivyo huuzwa kando na kufungwa katika pikipiki ya kawaida. Timbersled wa Idaho walipata sifa kwa kazi hiyo, na mwaka 2015 wakanunuliwa na Polaris. Kijiwe kizima kilicheka. Fundi hakucheka. Aliomba picha isimamishwe, akaitazama shingo.

Kwa hakika palikuwa na la kutazama. Fremu ya pikipiki ya theluji ni ile ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magurudumu, na shingo yake imelala kwa pembe ile ile. Lakini ubao hauzunguki, unateleza, na upinzani wake umeenea katika urefu wake wote. Ncha ikiinama na kuchimba theluji laini, upinzani huja mbele ya mhimili, usukani ukanyang’anywa mikononi, sawasawa na mfuo wa Maramba. Kwa hiyo watengenezaji hupima kwa uangalifu mahali pa kupitisha boliti ya ubao, ili sehemu kubwa ya upinzani ibaki nyuma ya mhimili, na huweka kipande cha mpira kinachoizuia ncha isiiname. Huko nyuma pana shida yake. Mkanda mrefu ulio bapa hupenda kwenda moja kwa moja, na ukizama katika theluji laini huikalisha pikipiki kitako. Shingo hulala zaidi, ubao hupungukiwa na uzito, na chombo hakikati kona mpaka dereva ajiinamishe kwa mwili mzima. Kwa sababu hiyo pana mtambo wa kurekebisha, ili mwenye chombo achague uzito kiasi gani ukae mbele na kiasi gani nyuma.

“Hawa wana tabia zetu mbili,” fundi akasema. “Ila wao wameweka parafujo.”

Tabia ya pili ya pikipiki ya kijana ilikuwa hiyo hasa. Magunia mawili juu ya keria ndefu yalikaa nyuma ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mzigo ukaao hapo hauongezi uzito nyuma tu. Huuondoa mbele, kama mtoto aketiye mwisho wa ubao wa bembea. Shokapu ndefu zikabonyea, pua ikainuka, shingo ikalala, na gurudumu la mbele likapapasa matope bila kuyashika. Aliyekusudia kuiponya pikipiki isikae kitako aliidhuru ikiwa tupu, na ikiwa imejaa hakuiponya.

Dawa ya fundi haikuwa ya ajabu, ila ilihitaji mtu kukubali hasara. Alirudisha shokapu za kiwandani. Aliikata keria, akabakiza kipande kisichopita sana kitovu cha gurudumu. Aliinua madigadi ya mbele kidogo, maana udongo wa pale hujisokota baina yake na tairi hata gurudumu likakabwa. Halafu akauliza kama nyumbani kwa kijana bado kuna shogi la punda. Lilikuwapo, limening’inia ghalani tangu enzi ya babu yake. Wafuga punda wa pwani walijua tangu zamani kwamba mzigo wa mnyama hupangwa pande mbili, chini, karibu na miguu, wala haurundikwi juu ya kiuno. Fundi alichomelea vyuma viwili vya kushika mifuko iliyofumwa kwa mfano ule, mbele ya kitovu cha gurudumu la nyuma, chini ya mapaja ya abiria. Humo liliingia gunia moja na nusu. La pili zima halikuingia.

Nusu ile ya gunia ndiyo iliyoleta ugomvi. Mwenye mali alikuja jioni, akaizunguka pikipiki mara mbili, akauliza ni nani aliyempa ruhusa ya kukata chuma chake. Kijana alimjibu kwa adabu kwamba hakupewa na mtu, na kwamba gharama ameilipa yeye. Mwenye mali akasema hesabu haitapungua. Kijana akakubali, ijapokuwa alijua maana yake: safari ya ziada kila siku ya gulio, na mkataba utakaokwisha kwa jasho zaidi kuliko ulivyoanza. Fundi, ambaye hakuulizwa, alichora chaki yake sakafuni akamwonyesha mwenye mali vile vidole vitano na vile vinne. Yule bwana alitazama kwa muda. Alisema chaki haimlipi mtu. Lakini hakuagiza shokapu zirudishwe, na zile ndefu alizichukua mwenyewe akaziweka nyuma ya gari lake.

Mvua za Mei zilikuwa kali. Kijana alipita mfuo ule ule kila siku, akishuka na kupanda, na mikono yake ikajifunza upya uzito wa usukani ambao mwanzoni aliuona kama ugonjwa. Aliteleza mara nyingi, maana utelezi haukuondoka Maramba. Lakini gurudumu lilipoteleza lilitafuta njia yake tena kabla ya yeye kulifikiria.

Katika juma la sita bibi wa iliki alitoka kwake akiwa ameufunga mkono kwa kanga, plasta ngumu ikionekana chini yake. Siku ya kuifungua ilikuwa imefika, na zahanati iko chini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo ile ile?”

“Ndiyo ile ile, bibi. Nimeishusha.”

Bibi aliitazama pikipiki kwa upande, kama mtu anayenunua mbuzi. Akaugusa mfuko wa kushoto uliofumwa, akauliza nani aliyesuka shogi hili, maana ukindu wake ulikuwa mzuri. Kijana akamtajia. Bibi akasema alimjua mtu yule, na kwamba punda wake hakuwahi kumwangusha mtu. Kisha akatia kikapu katika mfuko wa kulia, akapanda kwa kuushika mabega kijana kwa mkono mmoja, akamwambia asiguse breki ya mbele mpaka wavuke mfuo.